Re: Mbona Obama alichaguliwa 1996, 1998 na 2002? Hesabu inakataa

Salaam mkuu. Umekwama kwenye mihula ya Obama katika Seneti ya jimbo la Illinois. Kwanza angalia katiba ya jimbo, wasifu baadaye. Mimi huanzia huko kila mara. Ndani ya miaka kumi, kila kiti cha seneta hupata mihula miwili ya miaka minne na mmoja wa miaka miwili. Cha Obama, wilaya ya 13, kilienda 4-2-4 kuanzia 1992; yeye aliingia 1996 kwenye ule muhula wa miaka miwili, ndiyo maana 1998 alirudi kuomba kura mapema.

Na hilo lilimwokoa! Mwaka 2000 aliwania ubunge wa Kongresi, Bobby Rush, aliyekuwa akishikilia kiti hicho, akambwaga vibaya kwenye mchujo wa Democratic, lakini kiti cha jimbo hakikuwa kinagombewa mwaka huo. 2002 mipaka ilikuwa imechorwa upya, viti vyote vikapigiwa kura.