Hujui kuandika programu? Mwongozo wake unakuhitaji

Ndugu yangu, umeuliza kama mtu asiyejua kuandika programu anaweza kujitolea katika mradi wa programu huria, yaani programu ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuiboresha, kwa kuandika mwongozo wa matumizi, na kama kazi hiyo huhesabiwa kuwa mchango wa kweli. Jibu langu ni ndiyo kwa yote mawili. Nimejitolea kwenye mwongozo wa QGIS, programu ya kutengeneza ramani iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, ambayo wengi wetu hapa Dar es Salaam tuliifahamu kupitia Ramani Huria, mradi ulioanza mwaka 2015 na kuwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi katika kuchora ramani za mitaa inayokumbwa na mafuriko.

Anza pale unapokwama wewe, au unapoona wenzako wanakwama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka kingo za mto, na kwa hiyo vijana niliowafundisha niliwapa zoezi la kuchora ukanda huo kandokando ya Mto Msimbazi. Kijana anafungua zana iitwayo Buffer, inayochora ukanda wa umbali fulani kuzunguka kitu kilichoko kwenye ramani, anaandika 60, anaiendesha, na badala ya ukanda mwembamba unaofuata mikunjo ya mto anapata duara linalofunika karibu Afrika yote na kufika India. Programu imefanya ilichoambiwa: data zake zilikuwa katika digrii za latitudo na longitudo, hivyo 60 ikasomwa kuwa digrii 60. Dawa yake ni kuzihamishia kwanza data katika mfumo unaopima kwa mita, ambao kwa jiji letu ni UTM kanda ya 37 Kusini, unaotambulika ndani ya programu kwa namba EPSG:32737. Sentensi mbili zinazosema hivyo, zikiwekwa kabla ya hatua ya kuandika umbali na si mwishoni mwa ukurasa, humwokolea mtu asubuhi nzima. Aliyeitengeneza zana hiyo ni vigumu kuzikumbuka, maana hatua hiyo huipita bila hata kuiwazia. Wewe uliyeipitia jana ndiye unayeijua vizuri.

Kuhusu utaratibu, maandishi ya mwongozo huo yamehifadhiwa GitHub, tovuti ambako watu hushirikiana kutengeneza programu, kama mafaili ya kawaida ya maandishi, na alama zake za msingi za kupangia vichwa na orodha hazisumbui kujifunza. Kipengele kipya kinapoongezwa kwenye programu, hufunguliwa hoja (issue), yaani ukurasa mfupi wa kazi inayosubiri kufanywa, ya kukumbusha kwamba bado hakijaandikiwa maelezo. Humo ndimo pa kutafutia kazi ya kwanza. Chagua hoja ndogo, kisha andika ukiwa umeifungua programu yenyewe, ukibonyeza kila kitufe unachokitaja na kukiita kwa jina lilelile lililoandikwa kwenye skrini, katika toleo ambalo mwongozo unalihusu. Bando kubwa utalihitaji siku ya kupakua programu tu. Maandishi ni mepesi.

Ulisema pia kwamba Kiingereza chako si kizuri. Sentensi fupi na sahihi zinatosha, na wasomaji wengi wa mwongozo huo nao si Waingereza. Wahakiki watakurekebisha, pengine hadi nukta. Yapokee marekebisho yao, na pale wanapoondoa hatua unayoamini inahitajika, waeleze ni nani hukwama bila hiyo.

Ukishaipata hoja ya kuanzia, weka kiungo chake hapa, nami nitaisoma rasimu yako kabla hujaituma.