Usiiuze hiyo Hiace, spea zipo

Ndugu yangu, usiuze Hiace ya mwaka 1997 kwa sababu tu fundi mmoja wa mtaani kakwambia spea zimeadimika. Kama injini ni 3L au 5L ya dizeli, ndiyo hiyohiyo iliyofungwa kwenye Hilux za enzi zile, kwa hiyo kwa hapa Dar anza Kariakoo, upande wa Gerezani. Beba kifaa kilichokufa, kilinganishwe na kipya kabla hujatoa hela.

Fundi mtafute kwa madereva wa vipanya, yaani Hiace za daladala; wao gari zikilala bila kazi, njaa inaingia nyumbani. Mwambie aanze na mkanda wa taimingi, ule unaofanya pistoni na valvu ziende kwa mpangilio: ukikatika, pistoni zinagonga valvu. Nozeli (zinazonyunyiza dizeli kwenye injini) na pampu ya dizeli mpelekee fundi pampu mwenye mashine ya kupimia.