Boti ya mapacha kwa vijana: kosa langu la futi 16

Boti ya kwanza niliyowanunulia vijana wa mtaani kwetu Pasua ilikuwa, ukweli nikiusema, boti yangu mimi. Nilikuwa nimekaa Moshi miaka mingi nikiikumbuka bahari ya Tanga nilikokulia. Mtu aliponipigia simu kwamba Dar kuna katamarani ya mtumba inauzwa, yaani boti ya mapacha, yenye viwiliwili viwili vilivyounganishwa sambamba, hata sikujiuliza watoto wa miaka 12 hadi 15 wataiweza vipi. Niliuliza kama matanga ni mazima. Nikaambiwa mazima. Kianzio nikatuma siku hiyohiyo.

Ilikuwa Hobie 16: mita 5 na kidogo, kilo 145 kabla mtu hajapanda, mlingoti wa alumini mrefu kuliko paa la nyumba yangu. Inakimbia kweli. Ukiwa mtu mzima unayejua kuikalia, utaipenda. Boti haikuwa na kosa, mwenye kosa ni mnunuzi.

Siku ya pili pale Raskazone, ufukweni Tanga, binti wa jirani yangu na mwenzake wakapinduka. Kupinduka si ajabu, tena ni sehemu ya somo. Mimi nilikuwa pembeni kwenye boti ya injini, nikawaelekeza: geuzeni omo, yaani ncha za mbele, zitazame upepo, simameni juu ya pacha wa chini, shikeni kamba iliyopita juu ya pacha wa juu, mlale nyuma kwa uzito wenu wote. Wakafanya vizuri kabisa. Lakini uzito wao wote ulikuwa kilo themanini na kitu kwa pamoja. Tanga lilianza kutoka majini, boti ikasita, ikarudi chini. Wakajaribu tena, na tena. Mara ya nne binti akanigeukia, maji yanamtoka puani.

"Mjomba, imekataa!"

Muda wote huo mlingoti ulikuwa unakunywa maji taratibu kupitia tundu ambalo hakuna aliyeliziba. Ukazama, boti ikalala kichwa chini miguu juu, na ncha ya mlingoti ikachoma tope la ghuba. Tulihangaika saa nzima pamoja na wavuvi wawili waliotuonea huruma. Yule mwenzake binti hakurudi tena kwenye mafunzo, wala simlaumu.

Ndiyo maana wazazi wa Moshi na Arusha wanaponiuliza wanunue boti gani, sianzi na bei wala mwendo. Nauliza: watoto wako wawili wepesi kuliko wote wataiinua peke yao ikipinduka? Boti ya mapacha ni pana, na upana huo unaoizuia isipinduke ovyo ndio huohuo unaoifanya igome kurudi ikishapinduka. Hapo hakuna kinachoiinua ila uzito wa mwili ukivuta dhidi ya mlingoti na tanga lililolowa. Mtoto wa kilo 40 huwezi kumwambia ajitahidi akawa na kilo 70. Kwa hiyo kabla ya kulipa, iombe boti, ipeleke kwenye maji yanayokufika kifuani, ilaze makusudi, halafu waite wale wadogo wawili. Muuzaji akikataa jaribio hilo, rudi nyumbani na hela yako.

Dawa ya boti kugeuka kichwa chini ni rahisi: kitu kinachoelea kwenye ncha ya mlingoti. Yapo maboya ya dukani kwa kazi hiyo. Mimi nilifunga dumu tupu la lita tano la mafuta ya kula, kifuniko nimekikaza na kukizungushia utepe wa mpira. Vijana waliona aibu kwa wiki moja hivi. Tangu hapo boti ikianguka inalala ubavu na kutulia, inangoja mtu.

Baada ya mwaka mmoja tukapata mbili za plastiki, zile za kumwagwa kwenye ukungu kama matanki ya maji. Kwa kundi la wanaoanza nisingechagua tena aina nyingine. Hobie Wave ni mfano mzuri: mita 4 hivi, kilo 111, tanga kuu moja linatosha, na haina mbao za kushusha chini katikati, kwa hiyo inaingia kwenye maji ya magotini. Usukani wake ukigusa chini unajiinua wenyewe. Unaivuta juu ya mchanga na vijiwe, inachubuka kidogo, basi. Wanaojua mwendo huicheka. Waache wacheke, mtoto wa miaka 12 haoni tofauti. Anachoona ni kwamba amekwenda hadi boya la pili na kurudi bila mtu mzima ndani.

Jambo moja la mapacha liwekeni akilini mapema: kubisha, yaani kugeuza boti omo ikipita kwenye upepo. Boti ya kawaida ina uzito wa kuisukuma ipite kwenye upepo wa omo. Ya mapacha ni nyepesi, na kila pacha anataka kwenda moja kwa moja, hivyo katikati ya kugeuka inasimama uso kwa uso na upepo, tanga linapigapiga, mtoto anachanganyikiwa. Kisha inaanza kurudi kinyumenyume. Hapo usukani ugeuzwe upande wa pili, demani, ile kamba ya kuvutia tanga, ilegezwe, boti itajitoa yenyewe. Ukilieleza jambo hili majini kwa kupiga kelele kutoka boti nyingine hakuna atakayesikia. Sisi tunalifundishia Moshi, nchi kavu, na hapa ndipo mapacha yanapowafaa sana watu wa bara. Boti ya kawaida ukiiweka uani inalala ubavu, lakini ya mapacha inasimama kama meza. Unasimamisha mlingoti, unapandisha tanga asubuhi upepo ukiwa mdogo, watoto wanakaa juu ya turubai la katikati na kubadilishana upande mara hamsini. Kuku wanapita chini.

Ila angalia juu! Siku ya kwanza kuusimamisha ule mlingoti wa Hobie 16 nyumbani, mke wangu alitoka jikoni akipiga yowe ambalo sijalisahau. Waya wa umeme ulikuwa juu ya geti, nami natazama chini kwenye pini. Alumini na umeme havina msamaha. Ajali za namna hiyo ndizo zilizofanya baadhi ya milingoti ya Hobie huko Marekani itengenezwe ncha ya faibaglasi isiyopitisha umeme. Siku hizi tunatumia uwanja wa mpira, na kabla ya kuinua mlingoti lazima mtoto mmoja asimame kando na kazi yake moja tu: kutazama juu na kusema "hakuna waya".

Ukiamua kununua mtumba wa faibaglasi, usitazame rangi. Bonyeza kwa dole gumba sehemu ya juu ya kila pacha, hasa mbele ya nguzo ya kwanza inayounganisha mapacha. Pakibonyea kama kava la daftari, tabaka za ndani zimeachana. Chukua sarafu ya shilingi 200 ugonge huku unasogea: palipo pazima patalia koo-koo, palipooza patatoa sauti ya debe lenye pumba. Kisha paka maji ya sabuni kwenye maungio, fungua kizibo cha nyuma, puliza kwa mdomo. Kwa mdomo, narudia, si kwa pampu ya gari, utampasua pacha. Mapovu yakitokea, hapo ndipo maji yanapoingilia. Vuta pia nyuzi za turubai la katikati kwa ukucha. Jua letu huzila nyuzi kabla ya kitambaa chenyewe, na kijana anayejirusha kwenye turubai bovu anatokea chini.

Watu wa Arusha mna bahati ambayo hata Tanga hawana. Mafundi wenu wanaoshona mahema ya safari wanaijua kazi ya turubai nene na uzi wa kuhimili jua. Turubai letu lilishonwa upya huko kwa siku mbili, nami nilichopeleka ni la zamani kama kipimo. Nyaya za kushikilia mlingoti ni habari nyingine. Hizo nunua za boti, usikubali waya wa kufungia mzigo.

Naulizwa sana kuhusu Bwawa la Nyumba ya Mungu, maana ni karibu: unakata kona pale Kifaru na umefika. Maji ni mapana, mchana upepo upo, perege wa kukaanga wapo. Nilikwenda Lang'ata kupeleleza nikiwa na furaha tele. Mvuvi mmoja mzee akanisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Sasa hao watoto, mwalimu, utawapindulia wapi? Mdomoni mwa mamba?" Sikuwa na jibu. Boti zetu ziko Tanga, na kundi linashuka kwa basi likizo ya Juni na ya Desemba.

Kuhusu ngalawa, msiidharau. Nayo ina mirengu miwili kando, vile viboya vya mbao vya kuizuia isipinduke, na tanga lake humfundisha mtu upepo kuliko mimi. Siku ya kwanza watoto wangu wote hupandishwa ngalawa na mwenyeji, waende na kurudi, washike demani wasikie inavyovuta. Lakini kuwapa waiendeshe peke yao, hapana, tanga na foromali, ile boriti inayolibeba tanga, vikianguka ni mzigo wa watu wazima. Wanaoniambia nianze na Optimist, kile kisanduku cha mita 2.3 cha mtoto mmoja, sibishani nao. Ni kizuri kwa wa miaka 8 au 9. Wangu wanataka kukaa wawili wawili wapige soga.

Na watakuonyesha video. Wameona Nacra 17, boti za mapacha za Olimpiki, zikipaa juu ya maji, wanauliza lini. Mimi hujibu kwamba hata Nacra 15, iliyotumika Olimpiki ya Vijana Buenos Aires mwaka 2018, ni ya kijana aliyekwishakaa majini misimu kadhaa.

Wanaoanza kabisa nawapeleka Desemba, asubuhi, kabla kaskazi haijakaza. Kusi ya Juni nawaachia waliokwishazoea. Ile ya futi 16 sijaiuza. Binti wa jirani sasa ana miaka 17, na Juni iliyopita yeye na mwenzake wa kilo zake waliiangusha, wakapanda, wakalala nyuma. Dumu la mafuta ya kula likatoka majini kwanza, likifuatwa na tanga. Nilikuwa nimeshika injini tayari kwenda. Akanipungia mkono nibaki nilipo.