Anti, Tumehamia Nchi ya Watu: Majibu ya Barua Zenu

Wiki hii nimezikusanya barua zinazofanana, zote za familia zilizohamia nchi ngeni kwa kazi au masomo. Mimi nimehama na watoto mara tatu kumfuata baba yao kikazi, kwa hiyo mengine nayajibu kwa yaliyonikuta na mengine kwa niliyoyasoma. Barua nimezifupisha kidogo tu.

Anti shikamoo. Tuna miezi mitano tangu tuhame. Mwanzoni tulikuwa tunatoka kila wikendi, makumbusho, ziwani, kupanda minara, simu ikajaa picha. Sasa hivi hata kwenda dukani naona mzigo, kila kitu cha hapa kinanikera, mume wangu anasema nimebadilika. Nahisi tulikosea kuja. Mama wa Wawili

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Wala hujabadilika, na usikimbilie kusema mlikosea kuja, hicho kitu kinajulikana kabisa. Kuna mwanaanthropolojia anaitwa Kalervo Oberg, huyu aliwahi kufanya utafiti mpaka Ankole huko Uganda, mwaka 1954 aliongea na kikundi cha akina mama Rio de Janeiro kuhusu hali hiyohiyo na mwaka 1960 maneno yake yakachapishwa. Alisema mgeni anaanza na kipindi cha fungate, kila kitu kizuri, kinaweza kwenda mpaka miezi sita hivi, alafu kinakuja kipindi cha kuchukia karibu kila kitu, ndo baadae mtu anaanza kupona na kuzoea. Na sababu aliyoitoa mi naipenda sana kwasababu ndo nlichokiona kwangu: ukiwa kwenu kuna mamia ya vitu vidogo unavijua bila kufikiri, lini umpe mtu mkono, foleni inaanzia wapi, mtu akicheka amefurahi au ana aibu. Ukihama vyote hivyo vinaondoka siku moja. Kwa hiyo unavyotoka dukani umechoka hivyo ujue akili yako imefanya kazi ya siku nzima kwa nusu saa, si uvivu huo.

Sasa la kufanya. Zile safari za kila wikendi zisimamisheni kwa muda. Najua mnaona mkizisimamisha ndo mtajifungia, lakini sehemu mpya kila wiki maana yake ni kwamba kila wiki nyie ni wageni upya, hakuna anayewajua na hamumjui mtu. Chagueni sehemu moja, karibu, ya kufika kwa miguu kama inawezekana, bustani au uwanja wa watoto au maktaba, muwe mnaenda siku ileile saa ileile, hata kama ni saa moja tu. Msitafute marafiki, nyie nendeni tu mkae.

Mimi nlikuwa na kiuwanja cha watoto kina bembea mbili na mtelezo, mnyororo wa bembea moja umezungushiwa mpira wa baiskeli watoto wasibanwe vidole. Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni. Wiki nne hakuna aliyenisalimia, narudi nyumbani nimenuna. Wiki ya tano mzee mmoja mwenye mbwa akatikisa kichwa. Baadae mtoto wangu akaumwa homa tukakosa wiki nzima, tuliporudi mama mmoja ambaye hata jina lake nlikuwa sijui akaniuliza, mlikuwa wapi? Nilishindwa kujibu, machozi yalinijaa palepale maana tangu tufike ilikuwa mara ya kwanza kuna mtu ameona hatupo. Makumbusho hayawezi kukupa hiyo, hata yawe mazuri vipi.

Alafu mwambie shemeji yangu asikuhukumu haraka. Mwenye kazi anaondoka asubuhi na huko kazini ana meza yake na watu wanaomjua jina, wewe ndo unaebaki kuijenga hiyo nchi kuanzia sifuri kila siku. Hata yeye kitakuja kumfika kwa wakati wake, msishindane nani amechoka zaidi. Na ukiona usingizi umekata kabisa, au unalia kila siku kwa wiki mbili na zaidi, nenda kwa daktari, usisubiri eti nitazoea.

Habari Anti. Binti yangu ana miaka mitano, huu mwezi wa nne shuleni hajasema neno hata moja, nyumbani anaongea kama kasuku. Mwalimu katushauri tuache lugha yetu tuongee nae lugha ya hapa tu ili asichelewe. Tufanyeje? Baba wa Binti

Kaka yangu, lugha yenu msiiache. Naomba hili nilisema wazi kwasababu wazazi wengi wanaambiwa hivyo kwa nia njema kabisa, wanatii, na baada ya miaka michache mtoto hawezi kuongea na bibi yake kwenye simu.

Huo ukimya watoto wengi wanaohamia lugha mpya wanaupitia, ni kipindi cha kimya, anasikiliza, anakusanya, na kinaweza kuchukua miezi. Kitu cha kuangalia ni huko nyumbani: kama anaongea vizuri kwa lugha yake basi mashine inafanya kazi. Kama na nyumbani amenyamaza, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo, hapo kweli muoneni mtaalamu wa lugha za watoto. Na kama miezi inazidi kwenda bado yuko hivyohivyo shuleni, muoneni pia, kuuliza si vibaya.

Kulea mtoto na lugha mbili si jambo la majaribio tena. Mwanaisimu Mfaransa Jules Ronjat mwaka 1913 alishachapisha alivyomlea mwanae Louis, baba anaongea Kifaransa tu na mama Kijerumani tu, mtoto akazipata zote. Mwingine ni Jim Cummins, yeye mwaka 1979 alitenganisha lugha ya kuongea uwanjani na lugha ya darasani. Ile ya uwanjani mtoto mgeni anaipata kwa kama miaka miwili, ya darasani, ya kusoma historia na kuelezea jibu la hesabu, inachukua miaka mitano mpaka saba. Hapo wazazi tunadanganyika mara mbili, mwanzo tunaogopa kwasababu hasemi, alafu akishaanza kuongea haraka kama wenzie tunadhani amemaliza, kumbe darasani bado anahangaika na mwalimu anaona ni mzembe. Mwambie mwalimu hilo kwa upole, mwambie pia kwamba mtoto aliyeshaelewa jambo kwa lugha yake halianzi upya, anachotafuta ni neno tu.

Wangu alikaa kimya miezi sita. Siku moja yuko juu ya mtelezo, mtoto mwingine anataka kumpita, nikasikia sauti, "Sasa zamu yangu." Sentensi nzima, na lafudhi ya pale pale. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, sikuinuka, nliogopa nikimshangilia ataona aibu anyamaze tena.

Kwa hiyo mtoeni mkacheze, sehemu zenye zamu na kupokezana, mpira, bembea, maji, maana huko maneno ni machache na yanarudiwarudiwa. Njiani mnarudi muulize kwa lugha yenu, leo umesikia neno gani? Jambo moja tu nakusihi, akishaijua lugha msimgeuze mkalimani wenu hospitalini au ofisini. Mtoto wa miaka minane kumtafsiria mama yake maneno ya daktari ni mzigo mkubwa, ombeni mkalimani, sehemu nyingi hospitali zina utaratibu huo ukiuliza.

Anti, nataka kuvuka mpaka wikendi na watoto wawili, mume yuko safarini. Karatasi gani nibebe? Msafiri

Kwa kifupi. Angalia paspoti za wote, nchi nyingi zinataka iwe imebakiza angalau miezi sita, na za watoto mara nyingi zinaisha mapema kuliko za wakubwa, tunasahau. Angalia kibali chenu cha kuishi kama kinawaruhusu kutoka na kurudi. Beba vyeti vya kuzaliwa na barua ya ridhaa ya baba yao iliyothibitishwa na wakili, kuna mipaka wanaiuliza kabisa mzazi akiwa peke yake, hasa kama jina lako na la watoto ni tofauti. Chanjo ya homa ya manjano kama inatakiwa uchanjwe siku kumi kabla, na kile cheti siku hizi ni cha maisha, toka Julai 2016, ile ya kurudia kila miaka kumi ilifutwa. Ukiendesha mwenyewe uliza barabara ni kushoto au kulia, alafu wafundishe watoto kuangalia pande zote mbili kabla ya kuvuka maana jicho limezoea upande mmoja. Na namba ya dharura muijue kabla ya kuondoka, nchi zote za Umoja wa Ulaya ni 112, Marekani na Kanada 911, Uingereza 999 na 112 pia inashika. Iandike kwa kalamu kwenye mkono wa mtoto mkubwa pamoja na namba yako.

Tumehamia kaskazini, saa kumi jioni giza. Watoto wanashinda kwenye skrini, mimi nalala tu. Wenyeji wanatoka na watoto wachanga kwenye baridi hii, nashangaa. Mama Giza

Dada, mwenzio mmoja aliyetoka kwenye jua ndo alitusaidia kuelewa hilo. Daktari Norman Rosenthal alizaliwa Afrika Kusini, akahamia Marekani miaka ya 1970, majira ya baridi akajikuta nguvu zimemuisha na yakija machipuko zinarudi. Akalifuatilia kitaalamu, na mwaka 1984 yeye na wenzake wakalieleza kama ugonjwa wa huzuni unaofuata majira. Siyo wewe tu, kwahiyo.

Dawa ya kwanza ni mwanga. Hata siku ya mawingu mazito, nje kuna mwanga mwingi kuliko sebuleni taa zote zikiwaka, jicho letu linatudanganya tu. Tokeni asubuhi au mchana, msisubiri watoto wamalize kila kitu maana mkifika saa tisa nafasi imepita. Nusu saa inatosha kuanzia. Kuna taa maalumu za mwanga mkali pia za kukaa nazo asubuhi, ila ongea na daktari kwanza, hasa kama una tatizo la macho au hisia zinazopanda na kushuka sana. Muulize na vitamini D kwa familia nzima.

Nguo ndo kila kitu. Usimvalishe koti moja zito, mvalishe tabaka tatu, la ndani linalobaki kavu, la kati la joto, la nje la kuzuia upepo na maji. Glavu nlizifunga kwa uzi mrefu unaopita ndani ya mikono ya koti, ikivuka inaning'inia haipotei, maana mwezi wa kwanza tulipoteza jozi nne na kila glavu ikipotea matembezi yanaishia hapohapo, mtoto analia vidole. Miguu ikiwa mikavu na mikono ina joto, watoto hawaombi kurudi, utaomba wewe. Tarehe 21 au 22 Desemba ndo siku fupi kuliko zote huko kaskazini, iwekeni alama ukutani, kila siku baada ya hapo mchana unarefuka kidogokidogo, watoto wangu walikuwa wanapenda kuangalia saa za machweo na kuziandika.

Shikamoo Anti. Nina miaka 15, hii ni nchi ya nne. Watu wakiniuliza mimi wa wapi nashindwa. Wazazi wanasema nina bahati nimeona dunia. Sijisikii na bahati. Naomba usitaje jina

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote.

Miaka ya 1950 mwanasosholojia Ruth Useem na mume wake walienda India kuchunguza maisha ya Wamarekani waliokuwa wanafanya kazi huko, wakiwa na watoto wao, na yeye ndo aliyewapa watoto kama wewe jina, watoto wa utamaduni wa tatu. Maana yake wa kwanza ni wa wazazi, wa pili ni wa nchi mnayoishi, wa tatu ni huo mnaoujenga nyie mnaohamahama, ndo maana mkikutana wawili mnaelewana haraka hata kama mmetoka pande tofauti za dunia. Kwa hiyo ukiulizwa wewe wa wapi una ruhusa ya kujibu kwa sentensi tatu badala ya neno moja, na una ruhusa pia ya kujibu kifupi siku umechoka.

Kuhusu bahati, wazazi wako hawadanganyi, ila unaweza kuona dunia na bado ukawa umepoteza marafiki mara tatu, vyote ni kweli kwa pamoja. Huzuni hiyo si kukosa shukrani. Binti yangu tulipokuwa tunahama mara ya tatu alikuwa na miaka 14, mimi nahangaika na maboksi, akaniambia mama mnaaga watu tu, mimi nataka kuaga na sehemu. Nikaacha kufunga. Tukaenda kwenye bwawa la kuogelea, tukaenda kwenye kile kiuwanja chenye mpira wa baiskeli kwenye mnyororo, akakaa kwenye bembea ambayo ilishakuwa ndogo kwake, alafu akataka tupande basi lake la shule mpaka mwisho wa njia, kituo ambacho hatukuwahi kufika miaka yote. Tukafika, tukashuka, tukasimama dakika chache, tukapanda kurudi. Njia nzima hatukuongea. Mpaka leo huwa anaitaja ile safari, mimi ile ya kwanza na ya pili tulivyoondoka bila kuaga chochote ndo inayoniuma.

Kama zile nchi tatu uliondoka hivyo, haijachelewa. Chora ramani kwa mkono ya kila mtaa, njia ya kwenda shule, nyumba ya rafiki, utashangaa unakumbuka mpaka ngazi. Rafiki mmoja kutoka kila nchi mtafute, mtumie hiyo picha. Na barua hii mpe mama yako asome ukiwa umekaa hapo pembeni yake, na kama kuna tarehe ya kuhama tena wanayoijua, naomba wakuambie leo.