Neno refu, mlango mwembamba

Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma hapa Kibuye, Kisumu, alitaka mlango wa kontena lake uandikwe TUNAREKEBISHA MAJIKO, isomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Mlango wenyewe futi mbili na nusu, na neno la kwanza peke yake lina herufi 13. Nikachukua fonti (mtindo wa herufi) ya kawaida kwenye kompyuta, nikaibana ubavuni kwa kipanya mpaka ikatosha. Stika ilipokaa mlangoni, kosa lilionekana wazi: mistari ya wima imekonda, ya mlalo imebaki minene, maandishi yote yamelegea. Niliibandua, nikafanya upya kwa gharama yangu.

Usibane fonti kwa kipanya. Tafuta iliyochorwa nyembamba tangu mwanzo. Mchoraji wake huwa amesawazisha unene wa mistari herufi kwa herufi, na O ameinyoosha mbavu ikawa kama uwanja wa riadha: imenyooka kando, imepinda juu na chini tu. Zikipangwa, herufi hizo husimama kama nondo za dirisha, na ndiyo sababu zinapendeza sana kwenye karakana na magari.

Kazi hii ina umri. Mwaka 1903, Morris Fuller Benton wa Marekani alichora fonti nyembamba ya Alternate Gothic kwa upana wa aina tatu, ili mchapaji achague inayotosha nafasi yake. League Gothic imetokana na herufi hizo, na haina malipo hata kwa kazi ya biashara. Oswald ya Vernon Adams pia ni ya bure, nayo ndiyo niliyoiweka kwenye mlango ule mara ya pili. Sisi tunaoandika Kiswahili tunazihitaji herufi hizi kuliko wengi, kwa kuwa kitenzi chetu kimoja hubeba sentensi nzima.

Ongeza nafasi kidogo kati ya herufi kubwa, la sivyo macho yataona ua wa miti badala ya neno. Kwa buchari, angalia ile alama ya juu (') kwenye NG'OMBE: kwenye fonti nyembamba huwa kijistari tu, hupotea kwa mbali, kwa hiyo mimi huinenepesha kwa mkono.

Ukikata bati la kupulizia rangi, acha vidaraja kwenye A, O, B na R, maana bila vidaraja tumbo la herufi hudondoka. Matumbo hayo ni membamba, rangi ikizidi huyajaza. Herufi za urefu wa chini ya inchi mbili sijaribu kabisa.

Na nambari ya simu au ya tili ya M-Pesa iandike kwa fonti pana. Mbavu zikinyooshwa, 3, 6, 8 na 9 hufanana, na mteja aliye juu ya bodaboda hana muda wa kukisia.