Shemeji wa rais na kiti cha Brussels

SWALI: Shikamoo mzee. Binti yangu anasoma Ubelgiji, anasema kila nchi ya Umoja wa Ulaya hupeleka kamishna wake Brussels. Kwani rais hawezi kumtuma shemeji yake tu? – Baba Zuhura, Tanga

JIBU: Marahaba, Baba Zuhura. Kumtaja shemeji anaweza. Kumpitisha ndiyo kazi. Ibara ya 17 ya Mkataba wa Umoja wa Ulaya inaziachia nchi kupendekeza majina tu. Orodha huafikiwa na Baraza, yaani mawaziri wa nchi wanachama, pamoja na rais mteule wa Kamisheni, chombo cha utendaji cha Umoja wanamokaa makamishna hao, kisha kamati za Bunge la Ulaya humhoji kila mmoja, ingawa kura hupigiwa timu nzima. Mwaka 2019 Ufaransa, nchi nzito ile, ilimpeleka Sylvie Goulard akakataliwa. Rais wao Macron akamleta Thierry Breton. Nilicheka siku ile hadi kahawa ikanimwagikia.

Mwaka 2024 rais wa Kamisheni, Ursula von der Leyen, aliomba majina mawili, la mwanamke na la mwanamume. Bulgaria ilitii. Wengi walipeleka jina moja tu, maana mkataba hauwalazimishi.

Na shemeji akipita? Haruhusiwi kupokea maagizo ya serikali yoyote, hata ile iliyompendekeza.