Tangazo na mkopo vikikaa kwenye simu moja

Watu wengi hapa Nairobi hulaumu mabango. Ukikwama kwenye jamu ya Thika Road pale Pangani utayasoma yote: ploti, simu mpya, familia inacheka mbele ya sahani ya kuku. Mimi bango halinisumbui. Jamu ikifunguka, limebaki nyuma. Linaloniumiza kichwa ni tangazo ninalotembea nalo mfukoni.

Zamani ukitamani kitu, ilibidi uende benki upange foleni, au usubiri zamu yako kwenye chama cha kuchangiana pesa. Wengi walipoa njiani. M-Pesa ikaja 2007, M-Shwari ikaleta mkopo wa simu 2012, na tangu 2019 Fuliza inakuwezesha kulipa hata salio lisipotosha. Sasa video ya sofa, namba ya till ya kulipia na mkopo wa kuinunua viko kwenye kioo kimoja. Saa nne usiku, umechoka, watoto wamelala. Nani atakuuliza?

Mchumi Andrew Oswald wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, na wenzake waliangalia nchi 27 za Ulaya, 1980 hadi 2011. Pesa za matangazo zilipopanda, miaka michache baadaye watu walisema hawaridhiki sana na maisha yao. Hiyo ni Ulaya, sawa, na takwimu hizo peke yake hazithibitishi kilichosababisha. Ila mkaazi wa mtaa wa Umoja hapa Nairobi aliyeona sebule mpya ya jirani kwenye status ya WhatsApp hatashangaa.

Sipendi ushauri wa "vitu havileti furaha". Mara nyingi anayeutoa anavyo tayari. Friji imenipa furaha ya kweli: maziwa hayachachi, na maharagwe ya Jumapili yanafika Jumatano. Sofa ya dada yangu kule Kayole ni hadithi nyingine. Aliichukua kwa mkopo, akaifunika shuka, watoto wakapigwa marufuku kuikalia. Wanatazama TV wakiwa kwenye mkeka. Mgeni akibisha hodi, shuka inatolewa mbio. Tangu hapo kabla ya kununua hujiuliza: kama hakuna mtu angekiona, ningekitaka?

Kwa hivyo jirudishie ile foleni. Toa programu za mikopo kwenye simu. Hata Fuliza unaweza kujiondoa ukishamaliza deni. Ukitamani kitu usiku, kiandike kwenye daftari, ukisome tena mchana ukiwa umeshiba, bei ikiwa kando ya kodi ya nyumba na karo. Vingine utavinunua, na ni sawa kabisa.

Halafu hizo status. Usigombane na mtu kwa sababu anapenda kuonyesha alichonunua, mnyamazishe tu. WhatsApp haimwambii, kwa hivyo hata akiwa ni wifi yako, mtaendelea kunywa chai pamoja vizuri.